Paa Kwanza, Mchezo Baadaye

Kila nikiposti video kutoka Nyacheki, lazima kuwe na msee wa Nairobi anauliza: "Kwani huko nyinyi hujibamba wapi?" Swali halina ubaya. Ni kweli hatuna ile bustani kubwa ya michezo yenye gurudumu la kupandisha watu angani na treni ya kuwageuza kichwa chini miguu juu. Lakini raha tunayo. Tuna kibanda cha gemu chenye skrini tatu na benchi ya mbao. Tuna meza ya puli chini ya mabati. Likizo ikifika kuna baunsi, lile jumba la hewa ambalo watoto hurukaruka ndani. Kuna kauwanja kenye maua ambapo watu wa harusi na wa gradu huenda kupigwa picha. Kuna bembea za chuma. Ukijumlisha hayo yote, hiyo ndiyo bustani yetu ya burudani, ila imetawanyika na kila kipande kina mwenyewe.

Na karibu zote zinavuja.

Leo siombi serikali ituletee bustani. Leo naongea kuhusu maji. Msimamo wangu ni huu: huku kwetu Gusii, paa ndilo mchezo wa kwanza. Mtu akifungua mahali pa raha bila mpango wa mvua, amefungua mahali pa kungojea hasara. Na hiyo hasara mara nyingi hailipwi na yeye. Hulipwa na kijana aliyeandikwa kusimamia, na mtoto aliyetoa shilingi zake kumi kucheza.

Wacha tuanze na hesabu, kwa sababu watu wengi hudhani mvua ni bahati mbaya. Mvua ya kwetu haina bahati ndani yake. Iko kwenye ratiba.

Kaunti ya Kisii hupata wastani wa kama milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mvua ndefu ni Machi hadi Juni. Mvua fupi ni Septemba hadi Novemba. Miezi yenye nafuu kidogo ni Januari na Julai. Hesabu kwa vidole: miezi saba ya mwaka ni msimu wa mvua, na hata hiyo mingine haijatia sahihi popote kwamba itakuwa mikavu.

Sasa, milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja ya maji. Kwa hivyo chukua kibanda cha kawaida, mita tatu kwa nne. Paa lake ni mita 12 za mraba. Zidisha mara 1,500 unapata lita 18,000 kwa mwaka. Hiyo ni mitungi 900 ya lita ishirini. Mvua moja nzito ya milimita 30 pekee inaleta lita 360, yaani mitungi 18. Hebu fikiria mtu amepanda juu ya kibanda na anamwaga mitungi kumi na minane moja baada ya nyingine, na chini yake kuna televisheni, nyaya, na watoto kumi na wawili. Halafu kuna tundu moja tu la msumari. Unadhani maji hayatalipata?

Na saa yenyewe! Si unajua siku zetu zinavyoenda. Asubuhi jua linawaka mpaka nyanya anaanika mahindi. Mchana mawingu yanaanza kujikusanya. Hewa yenye unyevu inatoka upande wa Ziwa Victoria, inapanda milima yetu, inapoa, na ikifika saa tisa au saa kumi alasiri, embura! Inamwagika. Saa hiyo ndiyo shule zinafungua milango na wateja wote wa kibanda cha gemu wanakuja mbio. Kwa hivyo mvua na wateja hufika pamoja. Anayepiga hesabu ya mapato bila kupiga hesabu ya saa kumi anajidanganya.

Kuna mahali pengine duniani penye mvua ya kiasi kama hicho. Ni Tokyo. Mwaka wa 1983, tarehe 15 Aprili, walifungua Tokyo Disneyland. Zile Disneyland za Marekani zilizotangulia zina barabara ya kuingilia yenye maduka pande zote, na juu ni mbingu tupu. Wajapani waliangalia mawingu yao wakaona hiyo haiwezekani. Hiyo barabara wakaifunika yote kwa paa kubwa la kioo, wakaiita World Bazaar. Ukinyeshewa kule, unaingia chini ya paa na siku yako inaendelea. Seoul nao, mwaka wa 1989, walifungua Lotte World, ambayo sehemu yake kubwa iko ndani ya jengo kabisa.

Najua utasema, "Wewe, hao wana pesa." Sawa, wanazo. Lakini si pesa iliyonigusa hapo. Ni mpangilio wa mawazo. Waliuliza "mvua ikinyesha itakuwaje?" kabla ya kuuliza "tuweke mchezo gani?" Hilo swali halina ada. Hata mtu wa kibanda cha mita tatu kwa nne anaweza kujiuliza.

Kwa nini nimeshikilia hii mambo hivi? Kwa sababu imenigusa mfukoni. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kutoshana na maisha. Kabla nianze kuishi kwa kamera, nilipata kazi ya kusimamia kibanda fulani cha gemu. Si lazima niseme ni kipi wala ni cha nani. Paa lilikuwa linavuja sehemu nne. Nilimwambia mwenyewe wiki ya kwanza. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaniambia nitafute beseni. Nikamwambia tena mwezi uliofuata, akasema tungoje pesa za likizo. Nilikuwa nimezisogeza skrini mbali na yale matone, nimefunika padi kwa karatasi ya nailoni, na beseni nilikuwa nalimwaga mimi.

Siku moja maji yakabadilisha njia. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawajui kuhusu bati linalovuja: tone haliangukii chini ya tundu. Maji yakiingia hutembea. Yanafuata ubao, yanateremka hadi yapate fundo au msumari, ndipo yanadondoka. Yanaweza kuingilia kona ya mlango na kudondokea ukuta wa nyuma. Siku hiyo yalidondokea nyuma ya skrini ya katikati, moja kwa moja mahali pa soketi. Skrini ikatoa sauti kama mtu amekunja karatasi, ikazima. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameegemea fremu ya chuma, na slipa zake zilikuwa zimelowa. Stima ilimrusha. Alianguka juu ya wenzake, akainuka, akacheka kwa aibu. Sisi sote tukacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko mwili unasisimka, kwa sababu stima ya nyumbani ni volti 240 na haina mzaha. Yule kijana angeweza kurudi kwao amebebwa.

Mwenyewe alikuja jioni. Hakuuliza kuhusu kijana. Aliuliza kuhusu skrini. Miezi miwili alikata mshahara wangu kulipia televisheni. Mvua ilinyesha juu ya paa lake, lakini kilicholowa ni mshahara wangu.

Sisemi hivi ndio mnihurumie. Nasema kwa sababu najua wasee kama mimi wako kila soko, kuanzia Nyamache hadi Keroka, hadi mjini Kisii. Umeajiriwa kusimamia, na paa si lako, na gharama ikija ni yako. Kwa hivyo tafadhali soma hii sehemu inayofuata polepole, hata kama wewe si fundi.

Mabati huvuja kwa sababu chache sana, na karibu zote zinaonekana kwa macho.

Ya kwanza ni msumari uliopigiwa kwenye bonde la bati. Bati la mawimbi lina matuta na mabonde. Maji hupita mabondeni. Kwa mabati ya namna hiyo, msumari unafaa kupigwa juu ya tuta, mahali ambapo maji hayalali. Fundi mwenye haraka hupiga popote. Kila msumari wa bondeni ni bomba dogo.

Ya pili ni kile kiraba kilicho chini ya kichwa cha msumari. Jua hukikausha, kinapasuka, na msumari wenyewe hulegea kwa sababu bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Ukipanda ngazi ukaona kichwa cha msumari kimeinuka kidogo, hapo ndipo maji yanaingilia.

Ya tatu ni mahali mabati mawili yanapopandana. Wakibana gharama hupandanisha kidogo sana. Mvua ya kawaida haiingii, lakini mvua yenye upepo inasukumwa juu na kuingia. Ndiyo maana mtu husema, "Paa langu huvuja siku zingine tu." Paa lako huvuja siku za upepo.

Ya nne ni mteremko. Vibanda vingi vina paa lililolala karibu sambamba na ardhi ndio mwenyewe aokoe mbao. Maji hayaharakishi kuondoka. Yanakaa, yanatafuta.

Ya tano ni majani. Sisi ni watu wa migomba na miparachichi, na soko letu halina uhaba wa takataka za kupeperuka. Mfereji wa paa ukiziba, maji yanarudi nyuma, yanaingia chini ya bati juu ya ukuta. Halafu mtu analaumu bati.

Na kuna ya sita ambayo hata si kuvuja. Asubuhi yenye baridi, ukikuta matone chini ya bati na usiku haikunyesha, hilo ni jasho. Pumzi za watu na unyevu wa ndani zimegonga bati baridi zikawa maji. Kibanda kilichojaa vijana ishirini huku madirisha yamefungwa kitatoa jasho tu. Ukimwita fundi apake lami juu, utalipa na matone yatarudi. Dawa yake ni hewa: acha nafasi chini ya paa upande huu na upande ule.

Usisahau mvua ya mawe. Hii milima ya chai, kuanzia Kericho hadi kwetu, inaijua vizuri. Bati jembamba lenye kutu hutobolewa kama karatasi. Mtu akikuuzia mabati ya mitumba kwa bei tamu, yainue uyaangalie dhidi ya jua. Ukiona nyota mchana, rudisha.

Kutafuta tundu ni kazi ya watu wawili. Mmoja abaki ndani na chaki, gizani. Mwingine apande juu siku kavu na mtungi wa maji, aanze kumwaga upande wa chini akipanda polepole. Wa ndani akiona maji yanaingia, anapiga chaki. Usimwage paa lote mara moja, hutajua chochote. Na usipande bati likiwa limelowa, hakuna gemu ya thamani ya shingo yako. Ukipata tundu, ng'oa msumari mbovu na uweke wenye kiraba kipya, au ziba kwa silikoni au lami baada ya kusugua kutu. Tuseme kibanda chako kina skrini tatu, kila moja inacheza mechi kumi kwa shilingi ishirini. Hiyo ni 600 kwa alasiri moja. Misumari michache na kopo la kuzibia inalipwa na alasiri moja au mbili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: usipoziba tundu la msumari utanunua skrini.

Sasa stima, na hapa sitanii. Katika mahali popote panapovuja, ekstensheni haikai sakafuni. Ifungwe ukutani, juu ya kiwango cha kiti, mbali na njia ya maji. Waya uingie kwenye soketi kutoka chini ukipanda, ndio maji yakifuata waya yadondoke kabla ya kufika. Muulize fundi wa stima akuwekee ile swichi inayojikata yenyewe stima ikianza kuvujia ardhini au mwilini mwa mtu. Na maji yakiingia ndani, zima kila kitu kwenye swichi kuu kabla ya kugusa kitu. Hata kama mtu amebakisha dakika mbili na anaongoza mabao matatu kwa moja. Azime. Radi ikianza kusikika karibu, ng'oa plagi. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni wa radi, tusijifanye hatujui.

Kifaa kikilowa, usikiwashe ili "kuona kama kimekufa." Mara nyingi hapo ndipo unakiua. Chomoa, pangusa, kiweke mahali penye hewa kavu kwa siku kadhaa, kisha fundi akifungue. Na ile ya kuzika simu kwenye mchele, wacha. Mwaka wa 2024 hata kampuni ya Apple iliwaambia watu wasiweke iPhone iliyolowa kwenye mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu. Mchele upike, ule.

Tutoke ndani twende kwa baunsi. Hapa adui ni watatu: maji, matope na upepo. Kitambaa chake kikilowa kinateleza, watoto wanagongana vichwa. Kikikunjwa kabla ya kukauka kinaota ukungu, kinanuka, na mishono inaanza kuoza. Zile pegi zilizoshika kamba zinapigiliwa ardhini, na ardhi yetu ikilowa inakuwa uji. Pegi iliyoshika vizuri asubuhi inaweza kung'oka alasiri. Halafu kuna ule upepo unaotangulia mvua, ule wa kupeperusha mashuka kwenye kamba. Uingereza mwongozo wao ni kwamba baunsi haitumiki upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Huna kipimo? Mawingu yakigeuka meusi na matawi ya miti midogo yakaanza kuyumba, toa watoto, zima kile kipulizo cha hewa. Usingoje tone la kwanza. Desemba 2021 huko Devonport, Tasmania, Australia, upepo uliinua baunsi kwenye sherehe ya shule ya kufunga mwaka, na watoto sita wakafa. Sita. Walikuwa wanafurahia kumaliza shule. Nikiona baunsi imefungwa kwa mawe mawili na kamba ya katani hapa kwetu, siwezi kunyamaza ati nisionekane naharibu biashara ya mtu.

Bembea za chuma nazo: maji hukaa kwenye maungio, chini ya rangi, na kutu hula kutoka ndani. Ikilia kwiii, haisemi inataka mafuta tu. Inasema fungua bolti uangalie. Meza ya puli ikinyeshewa, ubao unavimba na mpira unaanza kuchagua njia yake. Hapo hata ukishinda, hujashinda.

Kama bado unaona haya ni mambo madogo ya vibanda, niambie kuhusu New Orleans. Huko Marekani walikuwa na bustani kubwa kabisa, Six Flags New Orleans, iliyofunguliwa mwaka wa 2000 kwa jina la Jazzland. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikaja. Bustani ilikuwa imejengwa mahali pa chini na kuzungukwa na tuta la udongo. Lile tuta likageuka kingo za beseni. Maji yakaingia, yakakaa kwa wiki, na yalikuwa na chumvi. Mashine, nyaya, maduka, kila kitu kikaliwa. Haikufunguliwa tena. Ilibaki magofu kwa karibu miaka 20, watu wakienda kurekodi filamu. Treni moja ambayo kituo chake kilikuwa kimejengwa juu ilifunguliwa vipande, ikapelekwa Texas, na 2008 ikaanza kubeba watu tena. Kilichoinuliwa kilipona. Kilichokaa chini kilikufa. Kwa hivyo mtu wa Nyacheki anayechimba sakafu ya kibanda chini ya barabara kisha anajenga kizingiti cha simenti ili "maji yasiingie", ajue yakiingia hayatatoka. Inua sakafu. Inua soketi. Acha njia ya maji kutokea.

Na si lazima twende mbali. Tarehe 1 Mei 2024, hapa jirani zetu wa Narok, Mto Talek ulivunja kingo zake ndani ya Maasai Mara. Kambi za watalii zaidi ya kumi zikafurika na watu wakaokolewa, wengine kwa helikopta. Hizo ni kambi ambazo usiku mmoja unaweza kukugharimu kodi ya kibanda ya mwaka. Zilikuwa kando ya mto kwa sababu mto unapendeza kwenye picha. Maji hayasomi bei ya chumba.

Sasa tufike kwa kesi ambayo haiishi: paa ni la nani? Mwenye ploti anasema, "Wewe ndiye unafanya biashara, tengeneza." Mwenye kibanda anasema, "Nyumba ni yako, tengeneza." Msimamizi yuko katikati na beseni. Ushauri wangu kwa anayetaka kukodi: usilipe dipositi siku ya jua. Nenda kuangalia nyumba wakati inanyesha, au mwambie mwenyewe mmwage maji juu mkiwa wawili. Angalia alama za kahawia kwenye mbao na ukutani, hizo ni historia ya paa. Kisha muandikiane, hata kama ni kwenye daftari, mtie sahihi: paa likivuja anatengeneza nani, kwa siku ngapi, na ikipita hizo siku kodi inapunguzwa vipi. Na wewe unayeajiriwa, omba hilo daftari liseme pia kwamba kifaa kikiharibiwa na maji ya paa hakikatwi kwa mshahara wako. Ukiona kasoro, ripoti kwa ujumbe wa simu, usiseme tu kwa mdomo. Mdomo hupotea, ujumbe hubaki na tarehe yake. Mimi niliongea kwa mdomo, na yule bwana alikana kwamba aliwahi kusikia.

Kwa wenye biashara, wacha niwaambie kitu kizuri pia. Zile lita 18,000 si laana. Weka mfereji na tangi pembeni. Hata ukivuna nusu, una maji ya kuosha sakafu, ya kunawa mikono, ya choo, ya kumwagilia yale maua ya kupigia picha Januari ikikauka. Na ukiwa na baraza pana mbele, paa likitokeza mita moja na nusu, watu wakikimbia mvua watasimama kwako. Wakisimama watanunua chai. Wakinywa chai watauliza mechi ni ngapi. Mvua ya saa kumi ambayo ilikuwa inafukuza wateja inakuletea wateja. Ile World Bazaar ya Tokyo, ukiitoa kioo na umaarufu, ni baraza tu.

Na sisi wateja, hasa sisi wa kamera, tuna kazi yetu. Tunapenda kuposti mahali pakiwa pamependeza: jua la saa nne, maua, rangi mpya, "Nyacheki iko juu." Hakuna ubaya, mimi mwenyewe naipenda hiyo picha. Lakini ukimtangazia mtu kibanda chake, ingia ndani pia, angalia juu, angalia ekstensheni iko wapi. Muulize, bila dharau, "Mkubwa, ikinyesha hapa huwaje?" Akikuonyesha mfereji na swichi ya kujikata, msifu kwa jina, alete wateja. Akicheka na kukuonyesha beseni, mwambie utarudi akishatengeneza. Sisi tunajua kulalamika gemu ikikwama. Tujue kulalamika paa likivuja.

Mimi tayari nimeanza. Video zangu za sehemu za raha huku Bobasi sasa nazirekodi mara mbili: mara moja jua likiwaka, na mara moja ikinyesha. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye meza ya puli aliniona nikiingia na mwavuli na kamera, akaniambia, "Kijana, ngoja wiki moja, fundi anakuja Jumatano." Nikamwambia sawa, mama, nitarudi Alhamisi.